Daktari wa meno akikuuliza kuhusu chanjo ya HPV, usiruke swali

Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno ya watoto hapa Portland, Oregon. Kwa kuwa Kiswahili ninakijua mimi tu pale ndani, familia za Kongo, za Kenya na za kwetu Tanzania karibu zote hupitia mikononi mwangu. Liko swali moja linalowaacha wazazi midomo wazi kuliko watoto wao. Meno yameshasafishwa, picha za eksirei zimeshaonekana, mara daktari anauliza: "Huyu ameshapata chanjo ya HPV?" HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, na huweza kuleta saratani.

Mama mmoja wa Bukavu alinivuta kando. "Dada, ile si ya mabinti? Huyu ni kijana. Na sisi tumekuja kwa sababu ya meno."

Kwa jinsi wengi wetu tulivyoisikia, yuko sahihi. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya ikafuata 2019, na kote huko ilitangazwa kuwa kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Lakini kirusi hichohicho, hasa aina ya 16, huambukiza pia koo kwa njia ya ngono ya mdomo, kikajificha kwenye mafindofindo au shina la ulimi, na miaka mingi baadaye kikaleta saratani. Hapa Marekani takriban asilimia 70 ya saratani za sehemu hiyo ya koo zinatokana na HPV, na wagonjwa wengi ni wanaume. Ndiyo maana wavulana nao huchanjwa.

Wazazi wengine hunijibu kwamba daktari si anamchungulia mtoto mdomoni kila mara, kukiwa na kitu si atakiona? Hataona. Mafindofindo yana vishimo vya ndani, na ugonjwa huanzia humo. Mara nyingi mtu mzima hushtukia uvimbe shingoni, hana hata maumivu. Tena hakuna kipimo cha kumpima mtu asiye na dalili, kama kile cha mlango wa kizazi wanachopimwa akina mama. Kioo chetu kile kidogo hakifui dafu hapo. Mchango wa daktari wa meno ni lile swali, na kuihimiza chanjo.

Na ana nafasi nzuri ya kuliuliza. Mtoto wa miaka kumi asiyeumwa hospitali haendi, lakini kwetu anakuja kila miezi sita. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kiliweka msimamo wa kuunga mkono chanjo hii mwaka 2017, na mwaka 2019 Oregon ikawa jimbo la kwanza kuwaruhusu madaktari wa meno kutoa chanjo za kila aina. Si kila kliniki inayo sindano yenyewe. Kama haina, omba wakuelekeze inakopatikana kabla hujatoka mlangoni. Ukisema utauliza siku nyingine, imekwisha hiyo.

Kinachowakwaza wengi ni aibu: mtoto bado mdogo, hayo mambo hayajui. Basi huo ndio wakati wake, kwa maana chanjo hukinga kabla ya maambukizi, haitibu yaliyokwishaingia. Wala hulazimiki kumfungulia somo zima la ngono. Mwanangu nilimwambia ni sindano ya kuzuia saratani, naye akataka kujua jambo moja tu, kama inauma kuliko ya ganzi ya fizi. Akina baba huninong'oneza habari ya ugumba. Ni uvumi. Ndani ya chanjo mna maganda ya protini tu yanayofanana na kirusi; kirusi chenyewe hakimo.

Ukija, beba kadi za chanjo zote, hata zile za kambi ya wakimbizi zilizochakaa. Chanjo huweza kuanza kutolewa mtoto akiwa na miaka 9, na anayeanza kabla ya kufikisha 15 huhitaji sindano chache. Asiye na bima, au mwenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), aulizie mpango wa Vaccines for Children, ambao hutoa chanjo bure hadi miaka 18. Akishachomwa mkae dakika 15, kwa sababu vijana wengine huzimia, na mkono utauma siku moja au mbili.

Na yule kaka mkubwa uliyemwacha nyumbani naye mlete. Hapa Marekani anachanjwa hadi miaka 26.