Pembe ya Babu Iliyotoka Njoro

SWALI: Mzee wetu, pokea salamu. Marehemu babu alikuwa mpishi wa setla mmoja huko Njoro. Mwaka 1962, setla alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia babu sanduku. Ndani mna pembe ya ng'ombe iliyochorwa mto, vinyumba vyenye bendera, na simba na farasi wa pembe moja wameshika taji. Imeandikwa "Albany", "Fort Edward", mwaka 1758, na jina la mtu lililofutika nusu. Karatasi ya setla inasema aliinunua Albany mwaka 1911. Jirani anasema ni oporo, ile pembe ya kupuliza ya Wajaluo. Mfanyabiashara mmoja ameniambia niichome kwa sindano ya moto nijue kama ni plastiki, kisha nimuuzie kwa shilingi 5,000. Shangazi hataki hata itajwe, anaogopa watu watasema babu aliiba. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Binti yangu, weka sindano chini kwanza.

Jirani amekosea. Oporo hupulizwa ubavuni, kwa hiyo tundu lake liko ubavuni. Kwenye picha uliyonitumia tundu liko nchani, limezibwa kwa kijiti, na upande mpana umefungwa kwa ubao. Hiyo ni pembe ya baruti. Mwenye gobori aliivaa kwa ukanda begani, ikamlalia kiunoni. Akitaka kushindilia, alichomoa kijiti, akapima baruti, akaimimina mtutuni. Pembe haipitishi maji wala haitoi cheche ikigongwa.

Ujanani nilikaa miaka minne kwa fundi wa pembe pale Kibuye, Kisumu, tukichonga vitana na vijiko. Pembe mbichi unaichemsha mpaka mfupa wa ndani ulegee, na harufu yake inakaa kwenye nywele siku mbili. Ikiwa bado ya moto unaikwangua kwa kisu, mpaka ukiiinua juani uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Kwa hiyo usiku zima taa, uegemeze tochi ya simu ubavuni mwake. Pembe ya kweli inawaka rangi ya asali, na ndani yake utaona nyuzi zikikimbia kuelekea nchani. Plastiki ina rangi moja kote, na mara nyingi mshono wa kalibu unaonekana.

Halafu itazame kwa kioo cha kukuzia. Nakshi hizi zilichanjwa kwa ncha ya kisu au sindano, zikapakwa masizi ili zionekane. Upande uliosuguana na nguo za mwenyewe ndio unaolika. Jina lililo kwenye pembe yako limefutika upande huohuo wa ndani ya mpindo, na hilo limenifurahisha kuliko ule mwaka 1758. Mwaka, yeyote anaweza kuuchonga leo asubuhi.

Ila mwaka wenyewe unalingana na mchoro. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikipigana huko Amerika, na Fort Edward ni ngome iliyokuwa kando ya mto Hudson, kaskazini mwa mji wa Albany, jimbo la New York, njia ya kwenda ziwa la Lake George. Julai 1758 Jenerali Abercromby aliongoza watu zaidi ya 15,000 kwenda kuishambulia ngome ya Ticonderoga, akashindwa na Wafaransa wasiofika 4,000. Wanajeshi waliokaa kambini wakingoja amri walichora kwenye pembe njia waliyopita. Simba na yule farasi ni nembo ya mfalme wa Uingereza.

Wengine waliwapa kazi hiyo mafundi. Mmoja wao alikuwa John Bush, mtu mweusi wa Shrewsbury, Massachusetts. Pembe alizochonga mwaka 1755 na 1756 zinatafutwa mno hadi leo. Alitekwa ngome ya Fort William Henry ilipoanguka mwaka 1757, akafia utekani. Mkono mzuri namna ile, na hakurudi kwao! Basi mtu akikuapia kwamba yako ya 1758 ni kazi ya Bush, usimsadiki.

Sasa hiyo karatasi, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwishoni mwa karne ya 19, Rufus Grider, mwalimu wa kuchora huko Canajoharie, jimbo la New York, alizunguka akitafuta pembe hizi majumbani mwa watu na kuzichora kwa rangi, moja baada ya nyingine. Alifariki mwaka 1900, na mamia ya michoro yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya The New York Historical, zamani New-York Historical Society. Kama pembe yako ilikuwa Albany kabla setla hajainunua, huenda Grider aliishika mkononi. Waandikie, uwatumie picha za kila upande.

Habari za setla mwenyewe zitafute Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na katika matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi la Serikali. Na shangazi usimwache na hofu yake. Keti naye, akusimulie siku sanduku lilipoingia nyumbani: nani aliwapo, setla alisema nini. Yaandike kwa maneno yake, utie tarehe, atie sahihi. Mpishi aliyeitunza karatasi ya bwana wake pamoja na pembe hakuwa akificha kitu. Mwizi angeichoma hiyo karatasi.

Hizo shilingi 5,000 zikatae. Usiioshe pembe wala kuipaka mafuta, na uikague mara kwa mara, maana kuna wadudu wanaokula pembe. Ukisikia ndani kitu kinachakacha kama mchanga, usiifungue wala kuisogeza karibu na moto, kwani baruti kavu, hata ya zamani hizo, bado inawaka.

Nitumie picha ya ule ubao wa upande mpana, kwa karibu kabisa. Nataka kuona kama umeshikwa kwa misumari ya chuma au kwa vijiti.