Fundi Anajibu: Waya unakatwa na ukingo wa tundu

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza vishikizo vya taa za wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Natumia bati la alumini la milimita 3 na natoboa tundu la kupitishia waya wa betri. Taa mbili zimerudishwa: waya umechubuka palepale kwenye tundu ukapiga shoti. Tena skrubu bapa za M6 (unene wa milimita 6), ambazo matundu yake nayapanua kwa biti ya milimita 12 ili vichwa vizame, bado zinabaki juu. Dukani nimeonyeshwa kauntasinki (biti za kupanulia mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame) za aina kadhaa na kijisu cha kusafishia matundu. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Taa ikizima usiku ziwani, watu wanabaki gizani na nyavu ziko majini, kwa hiyo barua yako nimeitanguliza.

Biti ikikaribia kutokea upande wa pili hukata kidogo na kusukuma zaidi. Alumini ni laini, inajikunja na kuacha pindo lenye meno. Wewe unatazama upande wa kuingilia, kumbe ubaya uko nyuma. Usipime kwa kidole, chukua pamba uipitishe ukingoni. Ikinasa nyuzi, hapo bado. Ukinoa biti vizuri na kukaza ubao chini ya bati kabla ya kutoboa, meno yatapungua sana.

Kijisu kinunue bila kusita. Ni kile chenye wembe uliopinda kama ndoano, unaozunguka wenyewe kwenye mpini. Kinafika upande wa nyuma pasipofikika kwa drili. Zungusha mara moja, kwa mkono mwepesi, na utaona uzi wa alumini ukitoka mrefu kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Fanya pande zote mbili, kisha vika tundu pete ya mpira ndipo upitishe waya. Pete bila kusafisha haitoshi, maana meno yataikata nayo, na mtumbwi hautulii.

Sasa hizo skrubu. Kichwa bapa cha M6 kina mteremko wa nyuzi (digrii) 90, lakini ncha ya biti ya kawaida ni nyuzi 118. Biti yako inachimba bakuli pana lenye kina cha kama milimita 1.8, na kichwa chenye upana wa milimita 12 kinahitaji 3. Ndiyo maana kinabaki juu, na kinagusa chini tu. Tafuta kauntasinki iliyoandikwa 90. Ile ya 82 ni ya skrubu za inchi za Kimarekani, na ukiitumia, kichwa kitakaa kwenye ukingo wa juu peke yake.

Lakini tazama: milimita 3 ndiyo bati lako lote! Ukizamisha M6 humo, ukingo wa chini utakuwa mwembamba kama wembe. Tumia M4, ambayo kichwa chake cha milimita 8 kinataka kina cha 2.

Kwa drili ya mkononi chagua kauntasinki yenye tundu moja la mshazari, maana haitetemeki kama zile zenye makali mengi. Iwe na herufi HSS, yaani chuma cha kukatia kinachostahimili joto. Ya kabaidi ni ngumu ila inapasuka mkono ukiyumba. Na izungushe polepole, kwa tone la mafuta ya taa. Nilipokuwa najifunza kazi Tabora nilifungulia drili mwendo wote kwenye kifuniko cha mashine ya kukamulia asali, na tundu likatoka na pembe pembe kama ua. Bosi wangu alinipa kifuniko kingine, akakaa kando hadi nikatoa tundu la duara. Namshukuru mpaka leo.

SWALI: Fundi, kauntasinki ya kazi za chuma naweza kuitumia kwenye milango ya mninga? (Seremala, Tabora)

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, ikiwa kali. Toboa kwanza tundu jembamba la skrubu, la sivyo mninga utapasuka. Safisha makali kwa brashi kila baada ya matundu machache, kwa sababu unga wa mbao ukishikamana hapo, kifaa hakikati tena, kinaunguza.