Usinunue ruta mpya kabla hujasoma IP ya WAN

Mkuu, simama hapo hapo, hiyo laki mbili na nusu ya ruta mpya irudishe mfukoni. Umesema Nextcloud (hifadhi ya mafaili unayojiendeshea mwenyewe) iko kwenye laptopu ya zamani, ukiwa nyumbani inafunguka kwa 192.168.1.50, domeini ya .co.tz umeshalipia, rekodi ya A (inayoelekeza domeini kwenye IP) umeweka, poti 80 na 443 umefungua, lakini ukiwa nje ukurasa unazunguka mpaka unakata. Sasa fundi wa dukani kakuambia ruta yako ni dhaifu. Huenda ruta haina kosa lolote. Kosa hili la kukimbilia ruta limenila ruta nzima na wiki tatu, sitaki likule na wewe.

Kabla hujagusa kitu kingine, ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta palipoandikwa WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti), soma IP iliyopo. Kisha kwenye seva, yaani hiyo laptopu, andika `curl -4 ifconfig.me`, ikuonyeshe IP inayoonekana ukiwa nje. Namba zikifanana, endelea na poti zako, ila jaribu kwa simu iliyozimwa Wi-Fi, kwa data, maana ruta nyingi hazimrudishi ndani mtu wa ndani anayeita IP ya nje. Zikitofautiana, poti ulizofungua ni kazi bure.

Tuseme ruta inasoma 100.72.14.9 na curl inaleta 203.0.113.25. Chochote kati ya 100.64 na 100.127 ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya CGNAT, yaani kampuni ya intaneti imewapanga wateja kibao nyuma ya IP moja. Ile 203 si yako, ni ya mtambo wao. Mgeni akiita domeini yako anafika kwenye mtambo huo, nao haujui ampeleke nyumba ipi, unamtupa. Wewe umefungua mlango wa sebuleni, ufunguo wa geti la mtaani anao mwingine. Ukiona IP inayoanza na 10, au 172.16 mpaka 172.31, hesabu ni ile ile. Ukiona 192.168, usiipigie kampuni simu bado: mara nyingi una ruta mbili, boksi la faiba la kampuni na ruta yako nyuma yake. Soma WAN ya boksi la mbele.

Wala kampuni ya intaneti haikuonei. IPv4 zimeadimika, tangu Januari 2020 AFRINIC haigawi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Wanaonichoma roho ni walimu wa video. Dakika ishirini anakuonyesha kufungua poti, nyumba anayorekodia ina IP ya umma (inayofikika moja kwa moja kutoka nje), na hasemi hata neno moja kwamba angalia WAN kwanza! Watu wanauza ruta nzuri, wananunua nyingine, wanarudi pale pale. Na huduma kwa wateja ya kampuni ukiwauliza kama uko nyuma ya CGNAT, jibu ni zima ruta uwashe. Usiulize hivyo. Sema: "Nataka IP ya umma isiyobadilika, kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Hapo watakuhamishia kwa mtu anayejua.

Certbot, programu ya kuomba cheti cha HTTPS kwa Let's Encrypt, iache kabisa kwa sasa. Let's Encrypt inakukagua kwa kubisha poti 80 kutoka nje, na hapo haifiki. Ukifeli mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lile lile, unazuiwa kwa muda, halafu unaanza kupambana na kosa la pili ambalo halikuwepo asubuhi. Ukilazimika kujaribu, weka `--dry-run`, ambayo ni jaribio tu.

IP ya umma ikishindikana au bei ikikataa, tumia Cloudflare Tunnel, njia ya kupitishia wageni wako kwenye mitambo ya Cloudflare. Hamishia DNS ya domeini Cloudflare, futa ile rekodi ya A (ikibaki, jina litagongana na CNAME, yaani rekodi ya kuelekeza jina kwenye jina lingine, ya tunnel), sakinisha programu yao ya cloudflared kwenye laptopu, elekeza jina kwenye http://localhost:80. Inakubali kwa sababu laptopu ndiyo inayotoka kwenda nje, na CGNAT haimzuii anayetoka. Kisha kwenye config.php ya Nextcloud ongeza domeini ndani ya `trusted_domains`, na uandike `'overwriteprotocol' => 'https'`. Ukiiruka hiyo ya pili, programu ya simu itaganda wakati wa kuingia, na utarudi kulaumu ruta. Mpango wa bure unakataa ombi moja la kupakia linalozidi MB 100, kwa hiyo vipande vya faili viwe chini ya hapo. Kama ni picha za familia tu, Tailscale (mtandao binafsi kati ya vifaa vyako) inatosha, domeini hata huihitaji.

Soma hiyo WAN sasa, ulete hapa mafungu mawili ya mwanzo tu, mfano 100.72, IP yote usiiweke hadharani. Dukani usiende.