Ongeza Mkazo, Lakini Miguu Isipunguze Mwendo

Wiki hii msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia: “Dada, napiga baiskeli ya jimu saa nzima, natoka nimelowa chepechepe, lakini nikipanda ngazi za nyumbani na kikapu cha sokoni bado nahema. Niongeze mbio au nikaze?” Nimemjibu faraghani, ila swali lenyewe nalijua vizuri mno, nami nimeona nilijibu hapa kwa urefu.

Nilipojiunga na jimu yangu ya kwanza hapa Mombasa, mkufunzi alinipandisha kwenye baiskeli, akalegeza mpaka mwisho kifundo cha mkazo, kile kinachofanya kanyagio kuwa nzito au nyepesi, akaniambia, “Mama, wewe zungusha tu,” kisha akarudi kwa vijana wake wa vyuma. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikazungusha. Miguu ilikwenda kama cherehani, mwili ukirukaruka kitini, kioo kikionyesha kasi ya ajabu. Hadi leo jambo hilo linaniuma, maana ada niliyolipa ni ile ile waliyolipa wale vijana. Aliyenisaidia ni bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akipiga baiskeli ya pembeni. Aliinama akanionyesha namba ndogo pale kwenye kioo: “Mwanangu, tazama wati. Achana na kasi.”

Wati ndizo zinazosema kazi unayofanya, na hutokana na vitu viwili kwa pamoja: nguvu unayokanyagia, na mizunguko ya miguu kwa dakika. Ukitoa wati 100 kwa mizunguko 50, kila mzunguko unabeba mzigo mara mbili ya ule ambao ungebeba kwa mizunguko 100. Jumla ya kazi ni moja, lakini mwili hauhisi sawa. Mwendo wa haraka na mkazo mwepesi hulemea zaidi pumzi. Mwendo wa polepole na mkazo mzito hulemea mapaja, na magoti nayo hubanwa kwa kila kanyagio. Mkazo ukiwa karibu na sifuri, gurudumu hujiendea lenyewe nawe unalifuata tu.

Kwa hiyo mimi huanza na miguu. Naishika mizunguko 75 hadi 85, kisha naongeza mkazo kidogo kidogo. Miguu ikianza kushuka chini ya 70, nimekaza kupita kiasi, narudisha. Nikianza kudundadunda kitini, nimelegeza mno. Usibadilishe vyote viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimekuchosha. Nikishazoea, naingiza dakika mbili za mkazo mzito kwa mizunguko 60 na kitu, halafu dakika mbili nyepesi za haraka. Mtindo huo ndio ulionijenga. Leo navuka daraja la Nyali kwa miguu asubuhi huku nikizungumza, na mpwa wangu kijana anayenisindikiza ananiomba nipunguze mwendo. Najivunia, na sioni haya kusema.

Kwenye mashine ya kukimbilia, mkazo ni mwinuko. Kutembea kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 5 kutakupa pumzi ya kutosha bila kukimbia kabisa, mradi usininginie vishikio. Ukininginia, mikono inabeba uzito ambao miguu ilipaswa kuubeba. Mashine ya kupiga makasia watu huionea sana. Kile kipini cha pembeni chenye namba 1 hadi 10 huongoza hewa inayoingia kwenye gurudumu, na vijana hukipeleka 10 kuonyesha ubabe. Kiache kati ya 3 na 5. Nguvu itoke kwenye miguu unapojisukuma nyuma.

Jambo ambalo sisi watu wa Pwani lazima tuliseme: jasho lisikudanganye. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, basi linatiririka hata kwa kazi ndogo. Katika joto la Februari na Machi moyo pia hupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile, kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Siku hizo punguza mkazo, kunywa maji, na jipime kwa maneno: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki. Jamani, tusijidanganye kwa saa za kukaa juu ya mashine!

Anayetumia dawa za presha azungumze na daktari wake kwanza. Baadhi ya dawa hizo hushusha mapigo ya moyo, na namba ya mapigo kwenye kioo itampoteza.

Nawe dada wa Kisauni, anza na dakika 20 badala ya saa nzima, mizunguko 75, na mkazo unaokufanya ukatize mazungumzo kuvuta pumzi. Ukiniandikia tena, nitajie wati zako, maana mkazo namba 8 wa mashine yako huenda ukawa namba 4 ya mashine yangu.