Kicheko kikiisha, sikiliza kinachofuata

Mwaka 2010 nilikuwa nakaa Igogo, Mwanza, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi ziwa lote liko chini yako na bombani hakuna kitu. Maji tulinunua kwa madumu, na kadiri dumu linavyopanda mlima ndivyo bei inavyopanda nalo. Hali hiyo ndiyo aliyotukuta nayo mgombea mmoja wa udiwani alipokuja kufanya mkutano kwetu.

Alijua kuchekesha. Jina lake silitaji wala chama chake, maana niliyoyaona kwake nimeyaona baadaye kwa wengine wa vyama vingine. Alisimama juu ya jiwe, akakiweka kando kipaza sauti, akaliangalia ziwa kimya mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akasema: "Mpinzani wangu kawaahidi maji. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mlangoni kwenu, na bado mnaoga kwa kopo. Huyu bwana mkimpa na bahari, mtatayamamu kwa mchanga!" Mzee jirani yangu alicheka mpaka akashika magoti. Nami nilicheka, na sioni kosa. Wengine walikuja kutusomea ilani. Huyu alikuwa amesema shida yetu kwa lugha yetu.

Tukiwa bado tunafuta machozi ya kicheko, akakichukua kile kipaza sauti na kushusha sauti. Akauliza nani anakumbuka tarehe 21 Mei 1996. Hakuna mtu wa Mwanza wa rika langu asiyeikumbuka. Meli ya MV Bukoba ilipinduka ziwani asubuhi ile ikiwa imekaribia kufika Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa, na wengi wamelala makaburini Igoma. Akasema ule ulikuwa mkono wa Mungu, kwamba mji unaomkataa mtu aliyeletwa na Mungu lazima ulipe, na kwamba yeye ameoteshwa aje kwetu. Tunyooshe mikono, tuape. Mikono ile ile iliyokuwa inapiga makofi ikanyanyuka.

Mama yangu mdogo alikuwa amekaa pembeni yangu. Binti yake alikuwa kwenye meli ile. Niliuona mkono wake unapanda polepole, unatetemeka, kanga ikamteleza begani na hakuishika.

Hasira ya siku ile haijanitoka. Meli ilibeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na kuna watu walioiacha ing'oe nanga katika hali hiyo. Kuchukua uzembe wa binadamu ukaufanya ghadhabu ya Mungu, mbele ya mama aliyezika mtoto, ili upate kura za udiwani, ni ukatili.

Siku chache baadaye wapambe wake walipita nyumba kwa nyumba wakigawa kanga, na kwenye mfuko mmoja wa rambo wamebeba Biblia na msahafu. Kila nyumba waliiapisha kwa kitabu chake. Usiku ule mama mdogo akanigongea. "Mwanangu, nimeapa, na moyo unakataa. Nikivunja, safari hii zamu ya nani?" Alikuwa anawafikiria watoto waliobaki.

Ukijiwa na mzazi mwenye hofu ya namna hiyo, usimwambie kiapo ni upuuzi. Mtu anayemcha Mungu ukimdharaulia kiapo chake unamwongezea hofu, tena unamwacha nayo peke yake. Mimi nilimpeleka kwa padri wake. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfungulia Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1200: kiapo kilichopatikana kwa hila, kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili chenyewe. Alimsomea mara mbili. Jirani yetu Mwislamu alikwenda kwa shehe wake, naye akakumbushwa Suratul Maida, aya ya 89: anayevunja kiapo ana kafara, kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kumbe dini zenyewe zina mlango wa kutokea, ila waliotuapisha hawakututajia. Kwa hiyo jambo la kiapo lipeleke kwa kiongozi wa dini anayekujua wewe na nyumba yako. Yule anayekaa jukwaani na mgombea mwache.

Sisemi tuogope wanasiasa wanaochekesha. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, kanda yetu hii hii ya ziwa, alichekesha sana. Mwaka 1995 alipokuwa anaonya kuhusu ukabila na udini, aliuliza watu wanataka kujua kabila la mtu ili wakatambike? Watu walicheka, lakini walipomaliza kucheka hoja walikuwa nayo mkononi, na hofu ya kabila la jirani imepungua. Huyu wa kwetu kicheko chake kilitulegeza, na hofu ikapita hapo hapo tulipolegea.

Tangu hapo nina kawaida moja. Nikirudi kutoka mkutanoni namsimulia mume wangu yote aliyosema mgombea, nikiondoa vichekesho na nikiondoa jina la Mungu. Siku ile nilipofanya hivyo hakikubaki kitu. Bomba litatoka wapi, lini, kwa fedha ipi, hakusema hata neno. Diwani kazi yake ni kukaa kwenye baraza na kupitisha bajeti ya halmashauri. Muulize hayo, na muulize akiwa bado anatabasamu.

Wapambe wakifika mlangoni, usibishane nao. Waambie tu, "Kura yangu naiombea mwenyewe kwa Mungu," kisha wape maji ya kunywa kama unayo, waende. Wakitaka kuandika namba ya kadi yako ya mpiga kura, usiwape. Na kama walishaiandika, usihangaike. Ndani ya kituturi, kile kibanda cha kupigia kura, uko peke yako, na karatasi unayoitumbukiza kwenye sanduku haina jina lako. Waambie hili wazee wa nyumbani mapema, kwa utulivu, zaidi ya mara moja, maana wengi wanaamini kuna jicho linawaona humo ndani.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili, tarehe 31 Oktoba. Mama mdogo alikwenda misa ya kwanza, tukaongozana hadi kituoni. Ile kanga alikuwa ameirudisha jana yake, imefuliwa na kukunjwa. Alikaa kwenye kituturi muda mrefu mpaka msimamizi akageuka kuangalia. Alipotoka, wino kidoleni, alinishika mkono tukaanza kupanda mlima. Alimchagua nani sijui. Sikumuuliza, naye hakuniambia.