Saa tatu ni chache, vuka siku moja kabla

Ndugu yangu, umeuliza kama saa tatu zinatosha kutoka kisiwani kwa ndege ndogo na kuiwahi ndege ya kimataifa. Nakusihi usijaribu, hasa kama tiketi ni mbili tofauti: ya kwanza ikichelewa, shirika la pili kwa kawaida halilazimiki kukusubiri wala kukurudishia nauli. Viwanja vya visiwa vidogo mara nyingi vina njia moja tu ya kurukia. Upepo unaoikata njia hiyo kutoka ubavuni ukizidi, hakuna njia nyingine ya kutumia; na mawingu yakishuka mno, ni vivyo hivyo: mnakaa bila kuruka. Vuka siku moja kabla, ukalale bara.

Mzigo uwe mwepesi, kwenye begi laini. Kwenye ndege hizo ndogo, wakati mwingine hata abiria hupandishwa mizani. Teksi ya alfajiri iagize jana yake.