Usiwape nyuki wadogo jina kwa macho tu

Jana dada mmoja wa Kibosho alinitumia picha ya kinyuki cheusi kimetua kidoleni mwake. "Kaka, hawa ni aina gani? Nataka kuanza kuuza mizinga." Nimeitazama mara tatu, nikamjibu kwamba siwezi kusema. Miaka mitatu iliyopita ningemjibu papo hapo.

Wakati ule nilikuwa na masanduku tisa chini ya migomba, kihambani kwetu Old Moshi. Nyuki wasiouma, wadogo kuliko punje ya mchele. Kila sanduku nililiandika Hypotrigona gribodoi (jina la kitaalamu: la kwanza la ukoo, yaani jenasi, la pili la aina) kwa rangi nyeupe, nikajiona mtaalamu. Siku moja wakaja wanunuzi, na kati yao mtafiti. Akaniuliza mbele ya wote nimewajuaje. Nikasema: kwa udogo na weusi wao. Akanyamaza. Akachukua nyuki wachache kila sanduku, na majibu yaliporudi, manne yalikuwa ya ruspolii, aina nyingine ya ukoo huo huo. Wanunuzi wawili wakaghairi. Nikiukumbuka ukimya wa yule mtu, bado naumia.

Sikilizeni, wenzangu. Hypotrigona hawafiki hata milimita 4, na hao wawili wamefanana kiasi kwamba watafiti huwapima mbawa na kuwachunguza vinasaba ndipo wawatenganishe. Anayekutajia jina kamili kwa jicho anabahatisha, na wewe unalipia.

Unachoweza kuona mwenyewe ni ukoo. Fungua sanduku taratibu, angalia majana, yaani watoto wa nyuki. Hypotrigona hupanga vyumba vya majana kama kichala cha zabibu. Meliponula ferruginea, mkubwa zaidi, huvilaza tabaka juu ya tabaka kama sahani. Dactylurina husimamisha masega, na kiota chake huning'inia wazi chini ya tawi. Plebeina utamkuta kwenye kichuguu. Rangi usiiamini hata kidogo. Yule aliyeitwa ferruginea mweusi kwa miaka mingi, leo watafiti wamemtenga kuwa togoensis.

Kwa hiyo, dada yangu, ukikuta majana kama kichala, andika Hypotrigona ukomee hapo, na mnunuzi umwambie hivyo hivyo. Weka nyuki vibarua kama kumi kwenye spiriti ya asilimia 95, andika tarehe, mahali na mti uliowatoa, weka kwenye friza. Ukishuka Arusha, pita Njiro kwenye kituo cha utafiti wa nyuki ukaulize. Na picha ijayo usinipigie nyuki. Nipigie majana.